Kamba ya Mwanjelwa katika Ukaguzi wa Magari Japani

Mwaka 2018 nilikuwa mwanafunzi katika mkoa wa Nagano nchini Japani, na huko nilinunua Suzuki Jimny ya mwaka 2008 iliyokuwa na mambo mawili yaliyoishusha bei: ilikuwa imenyanyuliwa, na muda wake wa ukaguzi ulikuwa umekwisha. Lile la kwanza kwangu lilikuwa sifa. Nimekulia Uyole, Mbeya, na katika miaka ya utoto wangu barabara ya kutoka Isyonje kwenda Makete ilikuwa ya udongo; gari la chini lililothubutu kuingia huko masika lilirudi likivutwa, au lililala njiani hadi jua litakapowaka. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari pale Mwanjelwa, Mbeya hiyohiyo, ametia spesa (vipande vya kunyanyulia bodi) na kuongeza springi katika magari mengi ya njia hiyo, wala sijawahi kumsikia mteja akiuliza kama jambo hilo linapaswa kuandikwa mahali popote.

Wajapani huuita ukaguzi wao shaken. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na anayekamatwa akiendesha gari ambalo muda wake umepita anaweza kufungwa hadi miezi 6 au kutozwa faini isiyozidi yeni 300,000. Ukiupasi unapewa stika ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele, na bila shaka wasomaji wengi wa Mbeya wameiona stika hiyo bila kujua ni nini, kwa sababu Noah na Hiace nyingi hufika kwetu zikiwa bado nayo. Watu wengi kule huliacha gari lao gereji na kulipa fundi ahangaike nalo. Hata hivyo, sheria inamruhusu mwenye gari kulipeleka mwenyewe, na kwa mfuko wa mwanafunzi hiyo ndiyo njia pekee niliyoiona.

Kwa kuwa gari halikuwa na ukaguzi, hata kulitoa mahali lilipoegeshwa kulihitaji ruhusa. Nilikata kwanza bima ya lazima, nikaenda halmashauri ya mji, nikalipa yeni 750 na kuazimwa namba za muda, vibati vyeupe vyenye mstari mwekundu uliolala mshazari, ambavyo hutolewa kwa siku zisizozidi 5 na kwa njia uliyoitaja kwenye fomu, si nyingine. Nilipovifunga, kila gari lililokuwa nyuma yangu lilikaa mbali.

Nilitarajia mkaguzi angeanza kwa kufungua boneti. Hakuigusa. Alichukua cheti cha gari, akasoma vipimo vilivyoandikwa humo, kisha akaanza kupima gari lenyewe kama fundi cherehani apimaye mteja. Kanuni ni rahisi kuieleza: kwa gari dogo la aina hiyo, urefu ukizidi au kupungua kwa zaidi ya sentimita 3, upana kwa zaidi ya sentimita 2, au kimo kwa zaidi ya sentimita 4 kulinganisha na cheti, gari hilo si lile lililosajiliwa, na ni lazima liombewe mabadiliko ya muundo. Cheti kilisema kimo ni sentimita 171. Fito lake la kupimia lilisoma 180.

Upana ulikuwa na shida kubwa zaidi. Magari ya injini isiyozidi cc 660 kama hilo langu, yanayobeba namba za njano, hupewa nafuu ya kodi kwa sharti kwamba yasizidi mita 3.40 kwa urefu, mita 1.48 kwa upana na mita 2 kwa kimo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka matairi mapana, na ili matairi yasichomoze nje ya bodi, jambo ambalo nalo limekatazwa, alibandika kingo za mpira juu ya madigadi. Kingo hizo zililipitisha gari mpaka wa mita 1.48. Nikizibakiza, gari linahama daraja na kuvuliwa namba za njano. Nikizing'oa, matairi yanachomoza. Kwa bahati njema alikuwa amenipa pia rimu na matairi ya kiwandani, yaliyokuwa yamejaa vumbi katika banda lake, akisema hana pa kuyaweka.

Kisha likaja jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote. Mkaguzi alileta nguzo nyepesi yenye kimo cha mita 1 na unene wa sentimita 30, akaisimamisha karibu kabisa na gari, upande wa kushoto mbele, akaniambia niketi kwenye kiti cha dereva na nimwonyeshe ilipo. Nilinyoosha shingo, nikainuka kidogo kwenye kiti, sikuiona. Aliihamishia mbele ya bampa, na huko pia sikuiona. Nguzo hiyo inasimama badala ya mtoto wa umri wa kuanza shule, na magari yaliyotengenezwa tangu Januari 2007 yanatakiwa yamwezeshe dereva kuiona kwa macho, kwa kioo au kwa kamera. Kwa ajili hiyo kiwanda kilikuwa kimeweka kioo kidogo cha duara juu ya madigadi ya kushoto. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amekitoa, pengine kwa kuwa hakipendezi. Na kweli hakipendezi.

Usiku huo nilimpigia mjomba. Japani inaitangulia Tanzania kwa saa 6, kwa hiyo kwangu ilikuwa saa mbili usiku na Mwanjelwa saa nane mchana, wakati ambao mafundi wamemaliza kula na wanatafuta cha kubishania. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza yote, naye akaniwekea kwenye spika ili wenzake wasikie.

“Toa spesa, mpwa wangu, yaishe,” alisema. “Ukishapata stika utazirudisha.”

Huo ndio ushauri ambao hata Wajapani wengi huufuata, nami sikuutaka, kwa sababu ya ukaidi na kwa sababu ya hesabu pia: kazi ya kushusha bodi na kuipandisha tena ingenigharimu kuliko kuandikisha kimo kipya. Nilimweleza kwamba sheria haikatazi kunyanyua gari. Inachotaka ni kwamba kilichonyanyuliwa kipimwe, kionekane kinashika, kisha kiandikwe. Alinijibu kwamba gari linapimwa na barabara. Tulibishana hivyo kwa muda, hadi nilipomsimulia ile nguzo. Hapo aliniuliza tena vipimo vyake, akakata simu.

Kesho yake alinitumia video. Mbele ya Land Cruiser ya mteja, iliyonyanyuliwa na yeye mwenyewe, mafundi walikuwa wameweka dumu la lita 20 juu ya stuli hadi likatimia kimo cha mita 1, naye ameketi kwenye kiti cha dereva akirefusha shingo vilevile nilivyofanya mimi. “Silioni,” alisema. “Lisogezeni.” Walilisogeza nyuma hatua kwa hatua, na lilipoonekana mdomo wake tu alishuka, akapima kwa futikamba umbali uliobaki, akautaja kwa sauti, na hakunitajia tena habari ya kutoa spesa na kuzirudisha.

Nilirudisha matairi ya kiwandani, nikang'oa kingo za mpira na kununua kioo cha duara kilichotumika. Kurudi kwa matairi yale kuliondoa pia tatizo jingine, kwa kuwa tairi kubwa huifanya spidi ya kwenye dashibodi isome pungufu ya mwendo halisi, na mashine ya Wajapani haiusamehe sana upungufu huo: dashibodi ikionyesha kilomita 40 kwa saa, mwendo halisi usizidi kilomita 42.55.

Uelekeo wa magurudumu ya mbele ndio uliobaki kunitia mashaka, maana usukani ulikuwa ukivuta. Katika ukaguzi gari hupita juu ya bamba linaloteleza, na kwa kila mita 1 ya kwenda mbele tairi halitakiwi kulisukuma bamba pembeni zaidi ya milimita 5, iwe ndani au nje. Gereji zenye mashine ya alaimenti zilitaka fedha ambayo sikuwa nayo. Mjomba hana mashine hiyo; anayo kamba. Alinielekeza kwa simu ya video, mimi nikiwa nimelala kwenye zege la maegesho ya mabweni, naye akiwa ameketi juu ya injini ya Fuso iliyoshushwa. Nilisukuma gari mbele na nyuma ili springi zitulie, nikanyoosha usukani na kuufunga kwa mkanda usigeuke. Nilivuta kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, usawa wa katikati ya rimu, pande zote mbili. Halafu aliniagiza nichore mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, nipime nafasi kati ya mistari hiyo kwa mbele, kisha nipime kwa nyuma. “Usipime ukiwa na haraka, na usipime ukiwa umeinama, piga goti,” alinikumbusha. Nilifungua nati za tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, nikaizungusha kidogo sana, nikasukuma gari tena, nikapima tena. Kila nilipodhani nimefika aliniambia nisogeze kamera karibu na futikamba, kwa maana hakuniamini.

Karibu na kituo cha ukaguzi kulikuwa na karakana binafsi ambayo, kwa malipo, hukupitisha kwenye mashine zinazofanana na zile za kituo kabla hujaingia kwenye mstari wenyewe. Taa zangu zilikuwa zikimulika juu mno, kama ilivyo kwa gari lolote lililonyanyuliwa bila mtu kukumbuka taa, na mzee mwenye karakana alizishusha kwa bisibisi akitazama skrini. Nilipopita kwenye bamba la uelekeo, skrini ilisoma milimita 1.2. Aliuliza ni gereji gani iliyonirekebishia. Nilimwonyesha kamba iliyokuwa kwenye buti la gari, naye akaishika, akaivuta kidogo, akanirudishia bila kusema neno.

Mstari wa ukaguzi una mpangilio ambao mtu akiufuata bila woga haumsumbui. Juu ya kila kituo kuna ubao wa umeme unaokuagiza la kufanya, na baada ya kila kipimo hutokea duara ukifaulu au alama ya mkasi ukishindwa. Unaanza na honi, indiketa, waipa na taa za breki; wanatazama kama una kile kijiti cha moto mwekundu cha kuashiria hatari, ambacho kwa kawaida magari kule hukibeba miguuni pa abiria wa mbele, na ambacho kwangu kilikuwa kioja kwa mtu aliyezoea matawi ya miti barabarani. Unaingiza bomba la kipimo kwenye ekzosi. Unapita kwenye bamba, unapanda kwenye rola za breki, unakimbiza magurudumu hadi dashibodi isome 40 na kuwasha taa kama ishara, kisha mashine inakuja yenyewe mbele ya taa zako na kuzipima. Mimi nilipata duara katika yote isipokuwa handibreki, ambayo niliivuta kwa adabu mno. Nilipoambiwa nivute kwa nguvu, duara likatokea.

Mwisho wa mstari kuna shimo, na ndani yake yumo mkaguzi mwenye nyundo ndogo. Sikumwona, nilimsikia tu. Aligonga nati za springi, akagonga boliti za spesa moja baada ya nyingine, akarudi kwenye moja na kuigonga mara ya pili, nami nikazuia pumzi, kwa kuwa mlio huo ninaujua tangu utotoni: nati iliyokaza hulia kavu, na iliyolegea hulia kwa sauti ya kupasuka. Ililia kavu. Pamoja na mashine zote zile, katika jambo lililobeba uzito wa gari zima walimtegemea mtu mwenye sikio na nyundo, na hilo ndilo mjomba alilolipenda kuliko yote nilipomsimulia.

Baada ya hapo walilipandisha gari kwenye mizani, mhimili wa mbele kisha wa nyuma, wakapima upya urefu, upana na kimo, wakaisimamisha ile nguzo, na safari hii nikaiona ikiwa imejikunja ndani ya kioo cha duara, ndogo lakini kamili. Cheti kipya kilitoka siku hiyohiyo. Palipokuwa na 171 paliandikwa kimo kipya, na muda wa miaka 2 ukaanza kuhesabiwa upya. Nilibandika stika, nikafunga namba za njano, nikazirudisha za muda halmashauri.

Mjomba alitaka picha ya ile skrini ya milimita 1.2, nami nilikuwa nimeipiga. Aliituma kwenye kundi la mafundi wenzake, kisha akanipigia kuuliza yule mzee wa karakana alinitoza kiasi gani kwa kutazama skrini na kuzungusha bisibisi. Nilimwambia yeni 3,000, ambazo kwa wakati ule zilikaribia shilingi 60,000. Alinyamaza akipiga hesabu, akaniuliza kama nina hakika, na tangu wiki iliyofuata kunyoosha magurudumu kwa kamba pale gereji kwake kulipanda bei.