Kuaga bandari iliyotupokea

Leo ni siku ya pili tuko baharini, pwani haionekani tena, na mi bado kila asubuhi naamka nikitega sikio kama nitasikia dingi, kile kiboti kidogo, ya mzee wa kule bandarini ikija ubavuni mwa boti yetu ya matanga.

Tuliingia ile bandari kwa mpango wa wiki moja tu, tujaze maji, tufue, tulale usingizi wa kutosha afu tuendelee. Tukakaa wiki 11. Siku tunafika ilikuwa alfajiri, upepo umekata kabisa, injini ikachemka maana impela ya pampu ya maji ya bahari ilikuwa imekatika mapanga, ni kidude kidogo tu cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini lakini kikifa ndo umekwama, na mkondo ulikuwa unatupeleka kwenye mawe. Kabla hata hatujaita redioni mzee mmoja wa boti ya jirani alishatuona, akaja na dingi yake, akaturushia kamba akatuvuta taratibu mpaka sehemu nzuri ya kutia nanga. Hakuuliza tunatoka wapi wala boti ni futi ngapi. Aliuliza tu, "Wanangu, mmelala kweli nyie?"

Basi kwa mtu kama huyo unaondokaje?

Lakini kuondoka ni lazima, kalenda haikupi nafasi ya kubishana. Atlantiki ya kaskazini msimu wa vimbunga unahesabiwa toka 1 Juni mpaka 30 Novemba, kusini mwa Pasifiki ni toka Novemba mpaka Aprili, kwahiyo watu wa boti za matanga popote walipo wanaagana kwa makundi, wiki ileile wote wanatazama utabiri, na boti uliyoizoea kila ukitoa kichwa nje unakuta nafasi yake ni maji matupu. Sisi tulikuwa wa mwisho mwisho. Niliona boti sita zinatoka kabla yetu na kila moja niliipungia mkono mpaka ikageuka kidoa.

Wiki ya mwisho nilikuwa narudisha vitu. Spana, ndoo, sindano ya kushonea tanga ya yule dada aliyenifundisha kuziba mchaniko usiendelee, vitabu vilivyolowa na kukauka mara tatu. Kila kitu kimoja kinachukua saa mbili, maana hakuna anayepokea kitu akiwa amesimama, lazima ukae, mpige stori. Mume wangu naye alikuwa chini ya boti anakwangua, wiki 11 maji yametulia propela inaota magamba kama mwamba, ukiondoka hivyo hivyo boti inakuwa nzito na injini inahangaika.

Afu makaratasi. Sehemu nyingi ukishagongewa muhuri wa kutoka unapewa saa 24 tu uwe umeondoka, kwahiyo ule muhuri ndo kwaheri yenyewe. Mi nilitoka pale ofisini nikakaa kwenye ngazi za gati nikalia, mlinzi wa gati akakaa pembeni yangu bila kusema kitu, na nikimkumbuka hata sasa naona hakuna neno ambalo lingenisaidia kuliko vile alivyokaa.

Asubuhi ya safari nanga ikagoma, imezama kwenye tope. Mzee akatuambia tusiiforsi winchi, tusubiri maji yapwe kabisa, tukaze mnyororo ukiwa wima chini ya omo, yaani mbele ya boti, afu tuache maji yakijaa yainyanyue boti yenyewe. Tulikaa kama saa mbili na nusu, mnyororo umekaza, omo imeinama kidogo, yeye yuko kwenye dingi kashika ubavu wa boti yetu, tukanywa chai ya mwisho yeye huko chini sisi huku juu. Mara nanga ikaachia ghafla, boti ikaruka, na hakukuwa na muda wa kukumbatiana, mwenzangu kakimbilia usukani mi natoa tope kwenye mnyororo na ndoo. Kuagana kwenyewe kukawa ni mikono tu hewani.

Tulikubaliana na mzee tuitane redioni kila saa, tunaanzia chaneli 16 afu tunahamia 72. Mawimbi ya VHF, hii redio ya kwenye boti, yanaenda mstari ulionyooka, kwahiyo hata na antena juu ya mlingoti, boti kwa boti ukipata maili 15 mpaka 20 shukuru. Sisi tulikuwa tunaenda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Saa ya kwanza sauti yake safi kabisa, anauliza mawimbi yakoje. Saa ya pili safi. Saa ya tatu nikasikia mkwaruzo na katikati neno moja, "wanangu", afu mkwaruzo tena. Nilijibu tumekusikia mzee, tumekusikia. Saa ya nne nikaita hivyo hivyo, ingawa nilishapiga hesabu ya maili.