Mdundo wa Ungo Kizingitini

Asubuhi moja ya Jumapili Baba aliganda kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, mkono mmoja ukiwa umeshika fremu na nyayo zikiwa kama zimegandishwa sakafuni. Hakuwa na maumivu yoyote. Kiwiliwili kilikwisha kuinama mbele kikitaka kwenda, ila miguu ilikataa. Nilimvuta mkono, jambo ambalo sasa najua halifai kwa sababu laweza kumwangusha mtu. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, ndiye aliyeanza kuupiga ungo kwa vidole, taratibu, moja, mbili, moja, mbili, na Baba akainua mguu wa kushoto, akapita.

Baba ana ugonjwa wa Parkinson, ambao daktari wa London, James Parkinson, aliuandikia kijitabu mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo hufa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza miendo ya mwili, na dopamini inapopungua, miendo tuliyoizoea hata tukaacha kuifikiria, kama vile kuinuka kitini, kugeuka au kuanza hatua, hukosa wa kuianzisha. Dawa ya levodopa, ambayo hugeuka kuwa dopamini ubongoni, husaidia sana, lakini kuganda kwa miguu si mara zote kunaisikia dawa hiyo. Watafiti wengi hueleza kwamba mdundo unaotoka nje humpa mgonjwa ile ishara ambayo ubongo wake umeshindwa kujipa, kwa kupitia njia nyingine ambazo ugonjwa haujaziharibu sana.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilikutana na kazi ya Madeleine Hackney na Gammon Earhart wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliowafundisha wagonjwa dansi ya tango ya Argentina. (Mama alipolisikia neno hilo alidhani nazungumzia la kachumbari.) Ukiitazama tango kwa makini utaona kwamba humlazimisha mchezaji kufanya yaleyale yanayomshinda Baba: kurudi nyuma, kugeuka mahali pembamba, kusimama ghafla kisha kuanza tena, kuhamisha uzito wote juu ya mguu mmoja kabla ya kuusogeza wa pili, na yote hayo akiwa amemshika mwenzake, ambaye ni tegemeo lake bila kuwa mkongojo. Katika utafiti wao wa mwaka 2009, waliopata masomo 20 ya tango, au ya waltz na foxtrot, ambazo pia ni dansi za wawili wawili, waliboreka katika usawa wa mwili kuliko wasiocheza. Mwaka 2012 Earhart na Ryan Duncan walichapisha utafiti mwingine wa watu 62, ambamo kundi moja lilicheza tango mara mbili kwa wiki kwa miezi 12. Walipopimwa kabla ya kumeza dawa, waliocheza walikuwa na dalili nafuu kuliko walivyoanza, ilhali wenzao hawakubadilika. Idadi hiyo ni ndogo, nami sitamwambia mtu yeyote aache vidonge kwa ajili ya dansi.

Brooklyn, New York, kundi la dansi la Mark Morris limekuwa likiwafundisha wagonjwa tangu mwaka 2001, na huko anayeshindwa kusimama hucheza akiwa ameketi kitini. Utaratibu huo wa kiti ndio tuliouchukua nyumbani. Alasiri, dawa ikishakolea, tunakunja mkeka ili usimkwaze, tunaegemeza kiti kizito ukutani, na Baba huanza kwa mabega na mikono akiwa amekaa, kisha huinuka na kucheza na Mama rumba, kwa kuwa ndiyo waliyoicheza ujanani na mwili wake haukuisahau. Tunachagua nyimbo za mwendo wa wastani. Zenye kasi humfanya atembee kwa hatua fupifupi za mbio, na hapo ndipo hatari ya kuanguka ilipo.

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika katikati ya wimbo. Baba aliganda palepale, hatua tatu kutoka kwenye kiti, akiwa amemshika Mama mabegani. Mama hakumsukuma wala hakumvuta; alianza kuuimba wimbo kwa sauti ya chini pale ulipoishia, akiyumba kidogo kushoto na kulia hadi uzito wa Baba ukahama, mguu ukainuka, wakafika. Baba alipokwisha kuketi alilalamika kwamba Mama anaharakisha mdundo.