Swali la projekti yangu limebadilika

Niko nyumbani Maji ya Chai tangu juzi, leo nimekaa na daftari la projekti toka saa nane mchana mpaka giza limeingia, na naandika hapa kwasababu wiki hii kuna kitu kimegeuka kichwani kwangu sitaki kije kinipotee.

Kwa wasiojua, niko mwaka wa mwisho uhandisi wa maji. Muhula huu unaandika andiko la utafiti unalitetea mbele ya walimu, muhula ujao unaingia maabara kufanya ulichoahidi. Mi toka mwaka wa kwanza nilijua yangu itakuwa floraidi, ile chumvi ya kwenye maji ambayo ikizidi inaharibu meno na mifupa. Mkiniona mkiwa karibu mtaelewa, meno yangu ya mbele yana ile rangi ya kahawia ya watu wa huku kwetu, kaka yangu yake yameanza kumeguka, na pale nyuma ya kanisa kuna mtoto alikuwa anatembea vizuri tu sasa miguu imepinda. Sisi tunakunywa maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano ya mlima Meru, na huko ndo yanakookota floraidi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 kwasababu sehemu nyingi hakukuwa na maji mengine, siku hizi kiwango chetu nacho ni 1.5. Nilibeba maji ya kisima tunachotumia nikayapima maabara, yakasoma 7.8. Niliiangalia ile namba muda mrefu sana, nikamfikiria mama anavyochemsha maji kila siku akijua anatulinda, wakati kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haiendi popote, maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki pale pale kwenye sufuria.

Kwahiyo mpango wangu wa kwanza ulikuwa kutengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ndoo mbili, koki, mkaa katikati. Nilichora vizuri kabisa nikampelekea msimamizi wangu. Akasoma ukurasa wa kwanza akaweka kalamu chini akaniambia, binti, hii inafanya kazi, inajulikana, sasa wewe unataka kujua nini?

Sikuwa na jibu, na kweli alikuwa sahihi. Hapo Ngurdoto, jirani kabisa na kwetu, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, wameshughulika na mkaa wa mifupa toka mimi sijazaliwa. Dk. Askwar Hilonga, akiwa chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, alipata tuzo ya uhandisi ya Africa Prize mwaka 2015 kwa chujio lake la nano, yaani la chembe ndogo sana. Sasa mimi na ndoo zangu mbili naongeza nini?

Nikarudi hosteli nikaanza upya na hesabu, na hapa ndo nataka mwenzangu yeyote anayepanga projekti asikilize, fanyeni hesabu kabla ya kuchora kitu. Mfupa ndani yake una madini yanaitwa apataiti, na floraidi ikipita inaingia inachukua nafasi ya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana) kwenye yale madini, inakaa. Nafasi zikijaa basi, mkaa umeshiba. Nikachukua kwamba gramu moja inashika miligramu 3, hiyo ni namba ya kuanzia hesabu tu, ya kweli ntaipata nikipima. Kilo moja inashika miligramu 3000. Kila lita ya maji yetu inatakiwa kuacha kama miligramu 7 mle ndani. Gawanya, unapata lita 428. Nyumbani tuko sita, maji ya kunywa na kupikia ni dumu moja la lita 20 kwa siku. Siku 21.

Wiki tatu! Nilirudia mara nne nikidhani nimekosea nukta. Yaani unampa mama chujio zuri la kilo moja, anafurahi, na baada ya wiki tatu limekufa, na yeye hajui, kwasababu floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa kiwango hiki ulimi hauioni. Maji yataendelea kutoka kwenye koki masafi yanang'aa na wajukuu zake watayanywa mwaka mzima. Hapo ndo nikaelewa kitu ninachotaka kujua. Kama mkaa unaondoa floraidi au hauondoi hilo limeshajibiwa, mi nataka kujua unaacha kuondoa baada ya lita ngapi, na mtu asiye na maabara atajuaje kwamba siku imefika.

Nilivyompelekea msimamizi safari hii alisoma mpaka mwisho.

Sasa mpango wenyewe. Mifupa ntaichoma kwenye tanuri la maabara kwa joto tatu tofauti, nyuzi 400, 500 na 600, hewa ikiwa kidogo sana, kwasababu ikiiva nusu maji yananuka na yanakuwa na ladha mbaya hakuna atakayeyanywa, na ikiungua kupita kiasi inakuwa myeupe na nguvu ya kushika floraidi inapungua. Mwanzoni nilitaka pia kulinganisha ukubwa wa punje mbili, na kila kipimo kurudia mara tatu, hiyo inakuja mabomba 18 ya kupitishia maji, kila moja na mkaa gramu 50 ndani. Halafu nikapiga hesabu ya maji, bomba moja litakunywa kama lita 21, mabomba 18 ni karibu lita 390, madumu 20 ya kutoa hapa kijijini mpaka chuo kwa daladala. Haiwezekani. Nimekata ukubwa wa punje, nimebaki na mabomba tisa na madumu kumi, na bado konda ntamlipia nafasi. Iliniuma kukata lakini kurudia mara tatu siwezi kukuacha, bomba moja peke yake likikupa namba nzuri huwezi kujua kama ni mkaa au ni bahati. Sampuli naweka kwenye chupa za plastiki tu, floraidi haipatani na kioo. Nilitaka pia kupima magadi tunayopikia makande maana nayo yanaweza kuja na floraidi yake, msimamizi akasema hiyo ni projekti nyingine, nimeiandika ukurasa wa mwisho wa daftari nisiisahau.

Na kuna jambo la nguruwe, lazima niliseme. Majirani zetu Waislamu hawatakunywa maji yaliyopita kwenye mifupa wasiyojua imetoka wapi, na wana haki kabisa. Kwahiyo kwenye andiko nimeweka mifupa ni ya ng'ombe tu, kutoka bucha moja inayojulikana na kuchinja kwake kunajulikana.

Lile swali la mama atajuaje, jibu nimelipata juzi usiku hapa nyumbani wala sikulitafuta. Anayetuletea maji kwa punda analipwa mwisho wa mwezi, na mama anahesabu madumu kwa kuchora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jiko, mitano mitano, miaka na miaka. Nikamuuliza, mama, ukiambiwa ikifika mistari ishirini ubadilishe dawa ya chujio, utaweza? Akaniangalia akasema, mwanangu, mi huyu wa punda hajawahi kunizidishia hata dumu moja. Nimeiandika kwenye andiko, matokeo ya mwisho yatatolewa kwa idadi ya madumu ya lita 20, na ntaweka pengo la usalama, kwamba kama mkaa unakufa kwenye dumu la 20 mtu anaambiwa abadilishe la 15.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi napita buchani, ameniwekea mifupa ya miguu kilo tano kwa kuanzia. Mama ameniazima lile sufuria kubwa la kuchemshia mifupa itoke mafuta, ila amesema nisilirudishe kabla sijalisugua kwa majivu.