Zimwi lisilo na shingo

Saa nane usiku na vidole vyangu bado vinanata. Nimemaliza kufinyanga zimwi langu la kwanza, kisanamu cha mchezo wetu wa mezani, na, jamani, limetoka bila shingo!

Udongo wa epoksi huja vipande viwili, cha bluu na cha njano. Unaukanda mpaka uwe kijani kitupu, usione hata mstari, kisha una muda wa saa moja hivi kabla haujaanza kukaza. Mimi kwa pupa nikavalisha kiunzi cha waya miguu hadi kichwa kwa mkupuo mmoja. Nikichonga pua, gumba linabonyeza mgongo. Nikitengeneza mgongo, pua imelala. Nikabandua wote.

Mara ya pili nikaweka mwili tu, nikauacha hadi kesho yake ukawa mgumu, ndipo nikaongeza magamba na meno. Kifaa nakilowesha maji kidogo, la sivyo udongo unakifuata. Kisanamu cha binadamu wa kawaida mchezoni kina kimo cha kama milimita 28, kwa hiyo jino la zimwi unalipachika kwa ncha ya sindano huku umezuia pumzi. (Chafya moja ilinigharimu sikio.)

Mandhari hayakunisumbua: finyanga foili iwe donge, libingirishe juu ya kipande cha povu gumu liache mikwaruzo na vishimo, tayari una ukuta wa mawe.

Na shingo? Waya niliukata mfupi. Nimeifunika kwa manyoya. Jumamosi wachezaji wataambiwa mazimwi wa ukoo huu ndivyo walivyo.