Fangasi zilizokuwa zikinirudia

Mwaka mmoja niliugua fangasi za ukeni mara tano. Nilitia vidonge usiku sita, nikapata nafuu wiki chache, kisha muwasho ukanishika tena nikiwa mbele ya wanafunzi, siwezi kujikuna, siwezi kutoka. Uchafu mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda. Nyumbani mume wangu alianza kununa. Hakuuliza kitu, lakini nilijua anachowaza.

Kilichoniponza ni usafi. Huku Bukavu nimelelewa nikiambiwa mwanamke asiyejiosha ndani ni mchafu, basi nilijiosha kwa sabuni asubuhi na jioni, na muwasho ukizidi naongeza chumvi na ndimu. Juu ya hayo, kila mafua nilikimbilia farmasi kununua antibiotiki ya amoksisilini bila cheti cha daktari.

Daktari wa wanawake alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, sabuni isivuke mlango." Ukeni mnaishi bakteria wazuri wanaosaidia kumzuia kandida, yaani fangasi wenyewe, asizidi, sabuni inawavuruga, antibiotiki inawaua. Hakunipa dawa siku hiyo. Kwanza alichukua ute upimwe laboratwari, maana si kila muwasho ni fangasi, akapima sukari ya damu na virusi vya UKIMWI, kwa sababu kisukari na virusi hivyo vinaweza kuzifanya fangasi zirudi. Vipimo vikatoka salama, ila ute ulionyesha kandida. Akahakikisha sina mimba, ndipo akaniandikia flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, ya miligramu 150: siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kwa wiki kwa miezi 6. Mume wangu naye aliitwa, akaelezwa kwamba ugonjwa huu hauhesabiwi kati ya magonjwa ya zinaa. Jioni ile tulikula pamoja tukiongea, na hilo kwangu lilikuwa nusu ya dawa.

Chakula nilikipa matumaini makubwa mno. Nilikuwa nakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na mandazi. Nimebaki na kijiko kimoja, na asubuhi nakunywa mashanza, maziwa yetu ya mgando, anayoniletea mama mmoja wa Walungu kwenye kibidoni. Mwili umechangamka. Lakini daktari alinieleza wazi: kwa asiye na kisukari, ushahidi kwamba kupunguza sukari kunazuia fangasi ni mdogo. Na mashanza ni ya kunywa, dada zangu, si ya kupaka huko chini.

Nguo ndizo zilinisumbua zaidi. Mvua yetu inanyesha Septemba hadi Mei, na chupi nilizianika chumbani nyuma ya pazia kwa aibu, nazivaa zingali na unyevu. Sasa ni za pamba tupu, nazianika uani penye jua, na lisipotoka nazipiga pasi ya makaa. Unaipitisha, mvuke unapanda na harufu ya sabuni, unarudia mpaka mvuke ukome kabisa. Suruali ya kubana niliyopandia pikipiki kila siku kutoka mtaa wa Panzi nimeiacha. Navaa kikwembe, yaani kitenge, na usiku nalala bila chupi.

Miezi kumi na minne imepita. Zimerudi mara moja tu, baada ya antibiotiki za jino, na safari hiyo nilipitia laboratwari kwanza.