Mradi wa kuku: nimeacha kuchagua kuku, sasa nachagua banda

Wiki ya 14. Bi Mkubwa ameingia sufuriani jana.

Jirani kashangaa: "Kuku anataga mayai sita kwa wiki, unamchinja?" Ni kweli, kwenye daftari langu yeye ndiye aliyekuwa anaongoza, na nilishapanga vifaranga vyote vijavyo vitoke kwake. Lakini Jumamosi nilikaa saa nzima banda A, banda lake. Anasimama mbele ya chombo cha chakula, anayesogea anadonolewa. Mtetea mwenye pete nyekundu hana manyoya mkiani, ngozi imekuwa nyekundu kama nyanya. Alisubiri mpaka mwenzake ashibe, ndipo akaokota pumba zilizomwagika chini. Basi yale mayai sita yalikuwa yanatagwa kwa chakula cha wengine.

Hesabu ya wiki, kila banda likiwa na mitetea minane: A mayai 22, B 29, C 35. Na C halina bingwa. Anayetaga sana ni mayai matano.

Hapo ndipo nilipomwelewa mtafiti William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Aliweka kuku wa baba mmoja kizimba kimoja, bila kuwakata ncha za midomo ili wasidonoane, kisha akazalisha kutoka kwenye vizimba vilivyofanya vizuri, si kutoka kwa kuku mmoja mmoja. Katika matokeo aliyochapisha 1996, vifo vya mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 kizazi cha pili hadi 8.8 kizazi cha nne. Shindanisha kuku kwa kuku, mbabe ndiye anayeacha uzao. Shindanisha kizimba kwa kizimba, mbabe anawaangusha wenzake na yeye anaanguka nao.

Kosa langu ni hilo la "baba mmoja". Kuku wangu niliwaokota mnadani, huyu wa huku, yule wa kule. Upole wa C unaweza kuwa bahati tu ya waliokutana, na bahati hairithiwi. Kwa hiyo safari hii C imebaki na jogoo mmoja, B na wake, na vifaranga vya kila jogoo vitakulia banda lao.

Mayai 30 ya C yako kwenye mashine ya kuangulia, yameandikwa kwa penseli. (Yalikuwa 33. Mwanangu kakaanga matatu.) Leo ni siku ya 18, nimeacha kuyageuza. Umeme ulikatika usiku, nikaifunika mashine na blanketi langu.