Siku moja kwenye usukani: basi la Seattle siku ya theluji

Saa tisa na nusu usiku taa zote za karakana zinawaka, na sauti ya kwanza unayoisikia ni ya chuma kikiburutwa sakafuni. Mafundi wamekesha wakifunga minyororo kwenye matairi. Abiria atakayesimama kituoni saa moja asubuhi, akiona basi halitokei, atasema dereva kalala au kaogopa. Ukweli ni kwamba siku yake inaamuliwa saa hizi: ni mabasi mangapi yamefungwa minyororo, na ni njia zipi zinapitika.

Wenzetu walioko Chicago au Toronto wanashangaa: theluji kidogo hiyo, mji mzima unasimama? Seattle ni mji wa pwani ya magharibi ya Marekani, na kawaida baridi yake ni ya mvua. Pale uwanja wa ndege wa Sea-Tac wastani wa theluji kwa mwaka ni kama sentimita 16 tu, na iko miaka inapita karibu bila kitu. Mji hauwezi kuweka malori ya kusukuma theluji ya kutosha kila mtaa, yakae yakishika kutu miezi kumi na moja. Halafu unakuja mwezi kama Februari 2019, zikaanguka zaidi ya sentimita 50.

Tena theluji yenyewe ni ya aina mbaya. Hewa baridi inashuka kutoka Kanada kupitia bonde la mto Fraser, inakutana na unyevu wa Pasifiki, na kipimo cha joto kinabaki palepale kwenye sifuri. Inaanguka ikiwa mbichi, magari yanaikandamiza, mchana inayeyuka juujuu, usiku inaganda kuwa kioo. Theluji kavu ya bara tairi linaweza kuing'ata. Hii yetu inateleza. Na mji wenyewe ni vilima vitupu: Queen Anne, Capitol Hill, First Hill, Beacon Hill.

Saa kumi alfajiri ni ukaguzi. Siku za kawaida dereva anazunguka basi kwa dakika chache: taa, milango, matairi, hewa ya breki. Leo muda mwingi unakwenda kwenye ekseli ya nyuma. Unapiga goti na tochi, unashika mnyororo kwa mkono. Vipande vinavyokatiza tairi lazima vilale sawa, visipishane. Ncha iliyobaki baada ya kukaza lazima ifungwe, isining'inie. Ukiweza kuuvuta mnyororo ukaachana na tairi kwa upana wa kiganja, unamwita fundi aukaze upya, maana mnyororo uliolegea ukizunguka unapiga bodi ya basi kwa ndani, na karibu na hapo yamepita mabomba ya hewa ya breki. Bomba likikatika, breki zinajifunga zenyewe na basi linabaki hapohapo, katikati ya barabara, mpaka gari la kuvuta lifike.

Leo nimepewa basi fupi la mita 12. Njia hii kwa kawaida ina basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, na abiria watauliza kwa nini siku yenye watu wengi tumeletewa basi dogo. Sababu iko kwenye injini. Kwenye mabasi marefu mengi injini iko nyuma kabisa na inazungusha ekseli ya mwisho, kwa hiyo nyuma inasukuma mbele. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko kwenye barafu, nyuma inaendelea kusukuma na basi linajikunja kwenye kiungo, likaziba njia zote mbili. Likishajikunja, huwezi kulinyoosha kwa usukani. Heri abiria wabanane kwenye basi linalofika.

Kabla ya kutoka getini kuna swichi moja ya kuzima: kipunguza mwendo cha giaboksi. Kwenye lami kavu ni msaada mkubwa, kinaokoa breki. Kwenye barafu ni hatari, kwa sababu kinashika magurudumu ya ekseli moja tu. Ukiinua mguu kwenye mafuta, magurudumu ya nyuma yanafunga ghafla na mkia unaanza kukupita.

Saa kumi na moja kasorobo tunatoka. Mnyororo una mwendo wake wa mwisho, maili 35 kwa saa, kama kilomita 56. Hapo hakuna cha ushujaa wala woga. Ukizidisha, mnyororo unakatika.

Barabara kubwa zimepigwa maji ya chumvi tangu jana jioni, na inaonekana: mistari myeusi kwenye weupe. Mchanganyiko huwa na chumvi kama asilimia 23, unamwagwa kabla theluji haijaanza ili isishikane na lami. Unafanya kazi vizuri kwa baridi ya hapa, kwani chumvi huanza kuishiwa nguvu kwenye nyuzi hasi tisa hivi, na Seattle ni mara chache kufika huko. Adui yake ni mvua. Theluji yetu nyingi huanza kama mvua, nayo inaosha chumvi yote kabla chembe ya kwanza haijatua, na hapo malori yanaanza upya.

Kuna wakati mji huu haukutaka chumvi kabisa. Desemba 2008 sera ilikuwa mchanga bila chumvi, ili kulinda maji ya Puget Sound, mkono wa bahari unaopakana na mji. Theluji ikakaa siku nyingi, mitaa ikawa mabonge ya barafu. Tarehe 19 mwezi huo mabasi mawili ya kukodi yaliyobeba vijana yaliteleza kwenye mteremko wa Capitol Hill, yakavunja kizuizi, na pua ya moja ikabaki inaning'inia juu ya barabara kuu ya I-5. Meya Greg Nickels aliupa mji alama ya B kwa kazi ile, na mwaka uliofuata akashindwa katika duru ya kwanza ya uchaguzi. Tangu hapo chumvi inatumika. Madereva wa zamani bado wanaitaja Desemba ile ukiwauliza kwa nini kituo fulani kinarukwa.

Saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya mji. Troli, yaani mabasi ya umeme yanayotembea chini ya nyaya, zina shida yake. Nyaya hubeba volti 700, na kichwa cha fimbo ya juu kina kipande cha kaboni kinachoteleza kwenye waya. Waya ukivaa barafu, kaboni haigusi shaba sawasawa, ndiyo maana unaona cheche za rangi ya samawati kila basi likipita. Kaboni inaliwa haraka, na fimbo inaweza kuchomoka. Zamani troli moja ikikwama, zote za nyuma zilikwama nayo, maana haziwezi kupitana kwenye waya mmoja. Hizi mpya zina betri, zinashusha fimbo, zinazunguka kizuizi, kisha zinarudi kwenye waya. Treni za umeme za mjini, ziitwazo Link, nazo, usiku wa baridi kama huu, huendeshwa hata saa zisizo na abiria ili nyaya zisigande.

Kuanzia saa moja mpaka saa nne ni ile kazi yenyewe, na haina saa tena.

Beacon Hill. Kupanda kilima ni suala la kasi moja. Unaanza chini ukiwa umeacha nafasi kubwa mbele, unakanyaga mafuta taratibu, hubadilishi chochote mpaka ufike juu. Ukisimama katikati umekwisha. Joto na uzito wa tairi lililosimama huacha utando wa maji chini yake, na ukitaka kuondoka tairi linasugua palepale. Tena barabara nyingi zimeinuka katikati na kuinama kandoni, kwa hiyo basi lililosimama kwenye mwinuko wa barafu linateleza pia kwa ubavu, kuelekea magari yaliyoegeshwa. Ndiyo maana siku hizi abiria hutangaziwa wasubiri kwenye vituo vya juu au vya chini ya kilima, mahali pa tambarare.

Tangazo hilo halimfikii kila mtu. Mama mmoja, mtu mzima, mifuko miwili ya soko mkononi, ananisikia nikijibu redio na anatambua lafudhi.

"Mwanangu, kumbe wewe wa kwetu. Hapo mbele ndipo kwangu, nishushe."

"Shikamoo mama. Hapo siwezi kusimama, ni mteremko. Nitakushusha juu, pametulia."

"Marahaba. Juu wapi? Nikishapelekwa juu, miguu yangu hii itanirudisha chini juu ya barafu?"

Namweleza. Anasema kila siku anashuka pale. Namwambia kila siku pana lami. Bwana mmoja nyuma anadakia kwa Kiingereza kwamba dereva wa jana alisimama, mwingine anasema tuharakishe, yeye anawahi kazini, na wakati wote huo mkono wangu hauwezi kuachia usukani wala jicho kuhamia kwenye kioo cha ndani, maana tuko katikati ya mwinuko na mbele kuna gari dogo linalozungusha matairi bila kusogea. Nasubiri lijivute pembeni bila mimi kusimama: natambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, umbali wa mabasi matatu kati yetu. Mama kanyamaza, lakini kanyamaza kwa hasira.

Malalamiko yake ni ya haki. Kwa sheria ya Seattle, kusafisha njia ya waenda kwa miguu ni kazi ya mwenye nyumba, na wengi hawasafishi. Basi limefika, barabara imepitika, halafu mtu mzima anaachiwa mita mia mbili za kioo mpaka mlangoni kwake. Pale juu naliinamisha basi upande wa mlango, nalisimamisha mbali kidogo na ukingo ili lisiteleze kuufuata, namwambia asipite penye nyayo za watu maana pamekandamizwa pakawa barafu, apite pembeni kwenye theluji ambayo haijakanyagwa. Kijana mmoja anashuka naye akimbebea mifuko. Tumekaa kituoni dakika nne. Redioni mratibu wa safari za mabasi anauliza kwa nini.

Kuhusu daraja la Jose Rizal, tunalolivuka tukishuka kuelekea mjini: daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi inapita juu na chini yake na hakuna ardhi ya kulipa joto. Ukiliona jeusi na lenye unyevu, usiliamini. Hakuna breki humo, hakuna kubadili njia.

Mchana jua linatoka, na wengi wanadhani shida imekwisha. Kwetu ndiyo inaanza nyingine. Katikati ya mji lami imebaki tupu, huku vilima bado vyeupe, na njia moja inapita kote kuwili. Mnyororo umetengenezwa kwa theluji. Kwenye lami tupu vile vipande vinavyokatiza tairi vinasagwa kama kwenye tupa, na basi zima linatetemeka mpaka meno. Kuuvua na kuufunga upya kila ufikapo kilimani haiwezekani, hiyo ni kazi ya mafundi na inachukua muda. Kwa hiyo tunaendelea nao, polepole zaidi kuliko asubuhi, na abiria anayeona barabara safi anashindwa kuelewa kwa nini tunatambaa.

Masikio ndiyo yanayofanya kazi. Mnyororo mzima una mdundo ulio sawa. Kipande kimoja kikikatika unasikia kofi zito kila tairi likizunguka, tap, tap, tap, chini ya miguu ya abiria wa nyuma. Ukilisikia, unapunguza, unatafuta tambarare pana, unasimama, unawasha taa za dharura, unamwita mratibu. Huendelei hata kituo kimoja. Leo limetokea baada ya adhuhuri. Fundi amefika baada ya saa nzima na zaidi, kwa kuwa gari lake nalo lina minyororo na limepita foleni ileile. Abiria wamekaa na hita, wengine wameshuka kwa miguu. Kipande kilichokatika kilikuwa kimelika hadi unene wa nusu, upande uliokuwa ukisugua lami.

Ndani ya saa hiyo redio haikunyamaza. Basi limekwama huku, lori limelala kule, njia fulani ihamie kwenye ramani yake ya theluji, ile inayokwepa vilima. King County Metro, shirika letu la mabasi, ina pia mtandao wa dharura, njia chache tu kwenye barabara kuu zinazoahidiwa malori ya chumvi, uliowashwa kwa mara ya kwanza Februari 2019. Ukiwashwa huo, njia nyingi zinasimama kabisa. Nasi madereva tunaupenda kuliko kutuma mabasi kila mahali yakakwame, maana basi lililokwama ni kizuizi kwa gari la wagonjwa.

Jioni, giza la saa kumi na moja la majira haya, maji ya mchana yameanza kuganda. Mabega yameshakauka kwa kushika usukani bila kuulegeza. Safari ya mwisho ni ya kushuka tu: gia ya chini tangu kileleni, mguu juu ya breki bila kukandamiza, mguso mmoja mwepesi, achia, mguso mwingine. Afadhali theluji kuliko mvua inayoganda. Ile ya tarehe 23 Desemba 2022 ilifunika kila kitu kwa barafu tupu, na mabasi yote yalisimamishwa asubuhi ile, kwa sababu juu ya barafu ya namna hiyo hata mnyororo hauna cha kushika.

Karakanani, kabla ya kusaini, kuna karatasi ya kasoro. Tairi la kulia nyuma, mnyororo umetengenezwa njiani, uangaliwe wote. Waipa ya kushoto imeganda. Daraja lina barafu upande wa kushuka. Kituo cha katikati ya mwinuko abiria bado wanasubiri hapo, apelekwe mtu abandike tangazo. Dereva wa saa tisa na nusu ataisoma kabla ya kushika tochi, na mafundi tayari wanaviringisha mnyororo mpya kuelekea basi langu.